Seli za kinga za chura zinapogoma maabara: dalili, chanzo na marekebisho

Karibu kila itifaki ya kinga (maelekezo ya maabara ya hatua kwa hatua) inayopatikana iliandikwa kwa ajili ya panya au binadamu. Anayefanya kazi na Xenopus laevis, chura wa kusini mwa Afrika anayetumiwa zaidi katika utafiti huu, huichukua, hubadilisha jina la mnyama, kisha anashangaa seli zinapokufa. Kosa mara nyingi ni panya aliyebaki ndani ya itifaki: chumvi yake, joto lake, damu yake yenye chembe nyekundu zisizo na kiini, na mwili wake ambao hauvunjwi na kujengwa upya katikati ya maisha.

Kwa hiyo unapopata matokeo ya ajabu, fuata mpangilio huu: chumvi na joto kwanza, damu ya pili, hatua ya ukuaji ya mnyama ya tatu, na vitendanishi mwisho kabisa. Wengi huanzia mwisho na kuagiza kingamwili mpya kwa bei kubwa, kumbe tatizo ni maji.

Seli zinakufa ndani ya saa 24

Pima ukolezi wa chumvi wa midia, yaani kioevu cha kukuzia seli. Damu ya Xenopus ina takriban miliosmoli 220 hadi 240. Midia ya mamalia ina karibu 290. Ukitumia DMEM au RPMI, midia za kawaida za mamalia, kama ilivyo kwenye chupa, seli hunywea: chini ya darubini zinaonekana ndogo, zenye kingo za mikunjo, kama zabibu kavu. Kipimo cha osmoli hujibu swali hili kwa dakika chache. Kama hamna kifaa hicho, changanya sehemu 10 za midia na sehemu 3 za maji safi yaliyochujwa bila vijidudu, kabla ya kuongeza seramu. Hapo unapata karibu 223, na seramu ya ndama ya asilimia 10 itapandisha kidogo tu.

Kwa kuoshea, tengeneza bafa ya fosfeti ya amfibia, APBS: NaCl gramu 6.6, Na2HPO4 gramu 1.15 na KH2PO4 gramu 0.2 kwa lita moja, pH 7.2 hadi 7.4. Usiazime PBS ya jirani kwa sababu “ni kuosha tu”. Dakika 30 za kuosha zinatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Kisha angalia rangi ya midia. Ikiwa imegeuka njano siku ya kwanza wakati seli ni chache, huenda umeweka midia ya L-15 ndani ya inkubeta (kabati la kukuzia seli) yenye CO2. L-15 haina bikaboneti ya kuhimili gesi hiyo. Imetengenezwa kwa hewa ya kawaida. Ama funga chupa kabisa na uiweke kwenye inkubeta isiyo na CO2, ama hamia midia yenye bikaboneti na utumie CO2 ya asilimia 5. pH uipime baada ya midia kukaa ndani ya inkubeta saa 2. Ile unayoipima mezani haikuambii kitu.

Halafu joto. Seli za Xenopus hukuzwa kwenye nyuzi 27, na nyuzi 37 huziua. Hilo wengi wanalijua. Wanachosahau ni kwamba inkubeta ya kawaida hupasha tu, haipoozi. Maabara ya Mombasa au Dar es Salaam ambayo kiyoyozi chake huzimwa usiku hufika nyuzi 30 au zaidi, na inkubeta iliyowekwa 27 hubaki ikifuata joto la chumba huku namba kwenye kioo haisomwi na mtu. Inkubeta nyingi zinahitaji chumba kiwe baridi kuliko kiwango kilichowekwa kwa nyuzi kadhaa. Weka kipimajoto kinachoweka kumbukumbu ndani yake kwa usiku mmoja. Kama mstari unapanda saa nane ya usiku, unahitaji inkubeta yenye mfumo wa kupooza. Kuongeza antibiotiki hakutasaidia.

Chumvi na joto vikiwa sawa na seli bado zinakufa, tazama koleo. Ngozi ya Xenopus hutoa ute mweupe kama maziwa mara anaposhikwa vibaya au kukatwa, na ndani yake mna peptidi kama magainini, zilizotangazwa mwaka 1987, ambazo kazi yao ni kutoboa utando wa vijidudu. Ute huo ukiingia kwenye kioevu cha tumbo au juu ya wengu, unadhuru pia seli unazozitafuta. Kata ngozi kwa seti moja ya vifaa, iweke pembeni, futa eneo kwa APBS, kisha fungua misuli kwa seti ya pili. Ukiona koleo linateleza na lina utando mweupe, limeshachafuka.

Hesabu ya chembe nyeupe ni kubwa kupita kiasi

Chembe nyekundu za chura zina kiini. Sentensi hii ndiyo chanzo cha nusu ya matatizo ya sehemu hii yote.

Mashine ya kuhesabu inayotumia rangi ya kiini huzihesabu chembe nyekundu kama nyeupe. Mashine za hospitali zilizowekewa vigezo vya binadamu hufanya hivyohivyo. Rudi kwenye chemba ya kuhesabia na utumie rangi ya Natt na Herrick, inayotumika kwa ndege, nyoka na amfibia. Chini ya lenzi ya 40 chembe nyekundu ni yai refu la takriban mikromita 20 lenye kiini katikati. Limfosaiti ni duara dogo ambalo kiini kimelijaza karibu lote. Ya kuchunga zaidi ni thrombosaiti, chembe ya kugandisha damu, kwa sababu nayo ina kiini. Ikiwa bado haijaamka huwa na umbo la pia, yaani imechongoka pande mbili. Ikishaamka hujikunja duara na kukusanyika makundi, na hapo hata mzoefu huiita limfosaiti. Toa damu kwenye sindano iliyopakwa heparini na usome slaidi mapema. Kadiri damu inavyokaa ndivyo thrombosaiti zinavyojificha.

Kwenye flosaitomita, mashine inayosoma seli mojamoja kwa mwanga, tatizo hilohilo huonekana kama kundi kubwa lisiloshika kingamwili yoyote katikati ya eneo la limfosaiti. Usipandishe kiwango cha kingamwili. Ongeza kingamwili ya limfosaiti T na ya limfosaiti B kwenye mrija mmoja na uone ni asilimia ngapi hazina chochote. Zikiwa nyingi, tatizo ni usafishaji wa damu.

Sampuli imekuwa ute mzito unaoziba pipeti

Umetumia kloridi ya amonia kupasua chembe nyekundu. Kwa panya hilo husafisha sampuli, maana kinachobaki ni utando mtupu. Kwa chura, kila chembe iliyopasuka hutema DNA yake, na DNA hiyo hufunga seli nzuri kama nyuzi za bamia.

Kuokoa sampuli iliyokwisha kuganda: ongeza DNase I, kimeng'enya kinachokata DNA, mikrogramu 50 hadi 100 kwa mililita, pamoja na MgCl2 ya milimola 5, acha dakika 10 hadi 15 kwenye joto la chumba, kisha pitisha kwenye chujio la mikromita 70. Hakikisha hakuna EDTA kwenye bafa kwa wakati huo, kwa kuwa EDTA hunyang'anya madini ambayo DNase inayahitaji na kazi yote inakuwa bure. EDTA irudi baadaye, ukishaosha.

Kuzuia ni bora. Baada ya mnyama kufa kwa utaratibu unaokubalika, sukuma APBS yenye heparini kupitia moyo mpaka ini lipauke, ndipo utoe wengu. Kisha tenganisha kwa Fikoli, kioevu kizito kinachopanga seli kwa uzito ndani ya sentrifuji, badala ya kupasua.

Safu ya Fikoli ni tupu, seli zote ziko chini

Hapa tena ni chumvi. Fikoli ya uzito 1.077 inayouzwa tayari imewekewa chumvi ya mamalia. Limfosaiti ya chura ikiigusa hunywea, uzito wake kwa ujazo unapanda, inazama pamoja na chembe nyekundu. Tengeneza safu kutokana na Perkoli, kioevu kingine cha aina hiyo, uliyoirekebisha kwa chumvi ya kiwango cha APBS, na ujaribu uzito mbili au tatu kwa wengu mmoja kabla ya jaribio lenyewe. Kila kitu kiwe kwenye joto la chumba. Fikoli iliyotoka friji moja kwa moja ni nzito kuliko lebo inavyosema, na safu hukaa pasipotarajiwa. Zima breki ya sentrifuji.

Makrofaji hazioti kutoka kwenye uboho

Kwanza, je, ni uboho kweli? Katika Xenopus kazi kubwa ya kutengeneza damu hufanyika kwenye tabaka la nje la ini, chini ya ganda lake, hivyo watu huchukua ini wakiamini wamepata chanzo bora zaidi. Lakini seli mama zinazoitikia CSF-1, protini ya kuotesha makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu), na kuwa makrofaji zilionekana kukaa kwenye uboho wa mifupa, na hili lilionyeshwa mwaka 2013. Ini litakupa seli nyingi na makrofaji chache. Mpangilio huu haufanani na wa panya, na ni mojawapo ya sababu chura huyu anavutia watafiti wa chimbuko la seli za kinga.

Chukua mifupa miwili ya paja. Kata ncha zote mbili, sukuma APBS kwa sindano nyembamba mpaka mfupa uwe mweupe unaopitisha mwanga, chuja, zungusha kwa 300 g dakika 10. Weka seli kwenye midia iliyopunguzwa chumvi yenye seramu ya ndama asilimia 10 na kiasi kidogo sana cha seramu ya Xenopus, karibu asilimia 0.25. Ongeza CSF-1 ya Xenopus au IL-34 ya Xenopus, protini nyingine ya kazi hiyo, nanogramu 250 kwa mililita, na uache siku 5 kwenye nyuzi 27.

Kama hakuna kilichoota, uliza kitendanishi kimetoka kwa mnyama gani. CSF-1 ya binadamu au ya panya iliyobaki kwenye friji isitegemewe. Protini hizi za mawasiliano zimeachana mno tangu njia za amfibia na mamalia zilipotengana. Hali ni hiyohiyo kwa IL-2 ya binadamu, protini ya kukuza limfosaiti T, kwenye limfosaiti T za chura.

Kama zimeota ila hazifanyi ulichotarajia, huenda umeotesha aina nyingine. Makrofaji za CSF-1 na za IL-34 si kitu kimoja. Za CSF-1 huelekea kutumia kimeng'enya cha iNOS kinachotengeneza nitriki oksidi, kwa hiyo kipimo cha Griess cha nitriti hutoa rangi ya waridi. Za IL-34 huegemea zaidi NADPH oksidesi (kimeng'enya cha mlipuko wa oksijeni) na intaferoni za aina ya kwanza, na ndizo zinazostahimili vizuri zaidi FV3, ranavirusi inayoshambulia vyura. Anayepima nitriti kwenye makrofaji za IL-34 na kuona maji meupe atadhani zimekufa. Pima mlipuko wa oksijeni kabla hujamwaga.

Unataka makrofaji za haraka? Chukua za tumboni. Dunga kwa sindano ndani ya tumbo bakteria E. koli waliouawa kwa joto, subiri siku 3, kisha osha tumbo kwa APBS. Kuchochea kwa LPS, sumu ya ukuta wa bakteria, pekee kunakatisha tamaa: amfibia huvumilia kiwango cha LPS ambacho kingemwangusha mamalia. Bakteria mzima aliyekufa hufanya kazi vizuri kuliko unga wa LPS uliosafishwa.

Kingamwili ya AM20 inashika kila kitu, au TB17 haishiki chochote

Kabla ya kuandika barua ya malalamiko, uliza mnyama alikuwa na umri gani.

AM20 hutambua MHC ya daraja la pili, molekuli ya juu ya seli inayoonyesha antijeni kwa limfosaiti T. Katika kiluwiluwi alama hiyo iko kwenye limfosaiti B na seli zinazowasilisha antijeni, basi. Baada ya metamofosisi, yaani kiluwiluwi kugeuka chura, limfosaiti T za chura mzima nazo huibeba muda wote. Anayetumia AM20 kutenga B katika chura mzima, kama ambavyo mtu angefanya kwa panya, atapata karibu limfosaiti zote na kudhani kingamwili inanata ovyo. Kwa B tumia 10A9, inayotambua IgM ya Xenopus. Kwa T za CD8 (T zinazoua seli zilizoambukizwa) tumia AM22.

TB17 hutambua MHC ya daraja la kwanza ya kawaida, na kwenye viluwiluwi hali ni kinyume: molekuli hiyo haionekani vizuri juu ya seli mpaka karibu na metamofosisi. Jibu la “hakuna” kwenye kiluwiluwi wa hatua ya 54 ni biolojia yake. Weka mrija wa chura mzima pembeni kama ulinganisho kila mara. Kingamwili ikishika kwenye mrija huo, iko hai.

Jambo moja la kiufundi: baadhi ya kingamwili hizi za panya ni za aina ya IgM. Kingamwili ya pili (yenye rangi, inayoshika ile ya kwanza) inayotambua mkia, yaani Fc, wa IgG pekee haitaziona. Soma karatasi ya kila moja, na fanya kazi yote juu ya barafu ili alama zisikusanyike upande mmoja na kumezwa.

Thaimasi ni ndogo mno, au imepotea

Kama mnyama yuko kwenye kilele cha metamofosisi, ndivyo inavyopaswa kuwa. Thaimasi ya kiluwiluwi, tezi ambamo limfosaiti T hukomaa, hupoteza sehemu kubwa ya limfosaiti zake wakati huo, kisha hujazwa upya na kizazi kingine cha seli mama. Umri kwa siku haukusaidii hapa, maana viluwiluwi wa mkupuo mmoja wa mayai huachana kwa wiki kadhaa kulingana na chakula, msongamano na joto. Tumia jedwali la hatua za ukuaji la Nieuwkoop na Faber. Kwa nyuzi 23, hatua ya 50 hufika karibu siku ya 15, ya 58 karibu siku ya 44, na ya 66, mkia ukiwa umekwisha, karibu siku ya 58. Lakini tangi lenye baridi au lililojaa litachelewa sana. Andika hatua kwa kutazama miguu ya mbele na urefu wa mkia. Tarehe ya mayai iwe ya ziada tu.

Wanaotoa thaimasi ili kupata mnyama asiye na T lazima wawahi: siku ya 4 au 5, kabla seli hazijaanza kutoka. Ukichelewa utapata mnyama aliye katikati, ana T chache zinazotosha kuharibu hitimisho lako. Thibitisha kila mnyama kwa AM22 anapokua. Kovu pekee si ushahidi.

Limfosaiti za damu ziko chini, nyutrofili juu, na hakuna maambukizi

Msongo. Kotikosteroni, homoni ya msongo, hupunguza limfosaiti kwenye mzunguko na kupandisha nyutrofili. Waliosafirishwa wapewe angalau wiki mbili kwenye maji ya nyuzi 18 hadi 22. Angalia maji pia: tiosalfeti huondoa klorini, lakini kama bomba lina kloramini, amonia hubaki nyuma na unahitaji kichujio cha kibiolojia kilichokomaa. Na MS-222, dawa ya kumlaza chura, isiyo na bafa ni tindikali kali. Chura anajirusha, anatoa ute, na matokeo yako yameshabadilika kabla hajalala. Weka bikaboneti ya sodiamu mpaka pH ifike 7.0 hadi 7.4.

PCR ina ishara hata bila kimeng'enya cha kugeuza RNA

Viini vya chembe nyekundu tena. Tishu yoyote ya chura iliyojaa damu ina DNA nyingi kuliko ile ya panya. Fanya DNase kwenye safu ya kusafishia RNA, na uendeshe kisima kisicho na kimeng'enya kwa kila sampuli. Kikiwa nyuma kwa mizunguko 7 au zaidi, DNA ni chini ya asilimia 1 ya ishara na unaweza kuendelea. Kikikaribia zaidi, rudia. Chagua praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR) zinazovuka mpaka wa ekzoni.

X. laevis pia ana jenomu mbili ndani ya moja, iliyochapishwa mwaka 2016, na jeni nyingi zina nakala ya L na ya S. Mlima wa kuyeyuka (mchoro wa jinsi DNA ya PCR inavyoachana kwa joto) wenye vilele viwili huenda ni nakala zote mbili zinasomwa kwa pamoja. Linganisha mfuatano wa zote kabla ya kuchora praima. Kama jeni yenyewe ndiyo swali lako na mnyama si lazima awe huyu, X. tropicalis ana seti ya kawaida na atakuokoa na kichwa kuuma, ila kumbuka si kila kingamwili ya X. laevis itamshika.

Kundi la kulinganisha nalo ni wagonjwa

Chura mzima huiondoa FV3 ndani ya wiki kadhaa, lakini virusi vinaweza kubaki kimya ndani ya makrofaji bila dalili. Viluwiluwi kwa kawaida hufa. Kwa hiyo chura “mzima” wa kundi la ulinganisho anaweza kuwa amebeba FV3, au kuvu wa ngozi Batrachochytrium dendrobatidis, bila kukuonyesha chochote. Mara wageni wanapofika, wapimwe kwa PCR kabla ya kuchanganywa, wakae karantini, na nyavu zao zisiguse tangi jingine. Maji ya tangi lenye virusi hayamwagwi kwenye sinki la jirani bila kuuliwa vijidudu.

Hili lina uzito zaidi kwa anayekamata vyura mwenyewe. Kenya ina X. borealis, na nchi za Maziwa Makuu zina X. victorianus, ambaye kwa miaka mingi alihesabiwa kama X. laevis tu. Wa porini huwa na minyoo, mojawapo ikiwa Protopolystoma ya kwenye kibofu, na kinga yao imeshaamka kabla hujaanza. Kabla ya kununua seti nzima ya kingamwili, jaribu AM22, 10A9 na AM20 kwenye wengu mmoja wa mnyama wako, pembeni ya wengu wa X. laevis, siku moja, mashine moja, mipangilio ileile. Kisichoshika hapo usikitumie kwenye jedwali.